Jinsi ya Kupata Kipimo cha Radiolojia kwa Kadi ya NHIF Bila Kurudishwa Dirishani: Mwongozo Kamili

Swali linalonifikia kuliko mengine yote ni hili: "Nielekeze daktari wa mionzi anayepokea NHIF hapa kwetu." Wanaouliza wana kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wana karatasi ya daktari mkononi, na tayari wamerudishwa mara mbili au tatu. Wengine hufika mahali wakachoka, wakakopa, wakalipa taslimu laki kadhaa ilhali mchango wao unakatwa kila mwezi kwenye mshahara. Nikikaa nao tukapitia makaratasi, karibu kila mara nakuta kilichowakwamisha ni kitu kidogo ambacho hakuna aliyewaambia mapema.

Tuelewane jambo moja kabla ya hatua ya kwanza. Hapa Tanzania mgonjwa hamfuati daktari bingwa wa radiolojia moja kwa moja. Bingwa huyo yuko ndani ya hospitali, anasoma picha na kuandika majibu, na huenda usimwone kabisa. Anayekupokea na kukupiga picha ni mtaalamu wa mionzi. Kwa hiyo unachotafuta ni kituo chenye mambo manne kwa pamoja: mashine inayofanya kazi, bingwa wa kusoma picha, usajili wa NHIF kwa kipimo hicho hicho, na njia ya rufaa inayokufikisha pale kwa utaratibu. Likikosekana moja, utarudi nyumbani na bahasha yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya NHIF ya mgonjwa mwenyewe. Ya mume au ya mama haitumiki kwa mtu mwingine, hata kama mko kwenye familia moja ya uanachama.
- Kitambulisho cha NIDA au namba yake. Kwa mtoto, cheti cha kuzaliwa.
- Karatasi ya daktari ya kuomba kipimo, na fomu ya rufaa kama unahamia kituo kingine.
- Picha na majibu ya zamani, hata kama ni ya miaka mitano iliyopita.
- Majina ya dawa unazotumia. Piga picha maboksi yake kwa simu, inatosha.
- Salio la simu na daftari dogo. Daftari usilidharau, utaona kazi yake hatua ya tano.
- Nauli na akiba kidogo ya dharura, hata kama una bima.

## Hatua ya 1: Hakikisha kadi ni hai leo

Kadi inaweza kuwa mpya, inang'aa, na bado mfumo ukaikataa. Sababu za kawaida ni mwajiri kuchelewesha michango, kifurushi cha mtu binafsi kumaliza mwaka, mtoto kuvuka umri wa kuwa mtegemezi, au jina la kwenye kadi kutofautiana na la NIDA.

Nenda ofisi ya NHIF ya mkoa wako, au dawati la NHIF kwenye hospitali kubwa, au piga simu ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwenye tovuti yao, nhif.or.tz. Uliza mambo mawili: kadi inasomaje leo, na kifurushi changu kinagharamia vipimo gani vya picha. Swali la pili watu hulisahau. Mtumishi wa umma anayekatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri akaongeza 3 nyingine, hayuko sawa na aliyejinunulia kifurushi cha Ngorongoro au Serengeti. Wote wana kadi ya NHIF, lakini orodha ya huduma zao ni tofauti.

Tahadhari: usingoje kuhakikiwa siku ya kipimo. Michango ikiwa imekwama kwa mwajiri, itabidi ofisi ya utumishi ya kazini kwako ifuatilie, na hilo halimaliziki asubuhi moja.

Umefanikiwa ukiwa na jibu la wazi kutoka kwa mtu wa NHIF kwamba kadi ni hai na kipimo chako kimo kwenye kitita chako, yaani orodha ya huduma unazogharamiwa. Andika tarehe na jina la aliyekujibu.

## Hatua ya 2: Jua jina kamili la kipimo

"Nimeambiwa nikapige picha ya mgongo." Hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika. Picha ya mgongo inaweza kuwa eksirei, CT scan au MRI. Hivyo ni vipimo vitatu tofauti, mashine tatu tofauti, na kwa bima ni mistari mitatu tofauti.

Kabla hujatoka kwa daktari, muulize kwa heshima tu: "Daktari, naomba unisaidie jina kamili la kipimo, sehemu ya mwili, na kama kinahitaji dawa ya rangi." Dawa ya rangi ni ile inayochomwa kwenye mshipa au kunywewa ili viungo vionekane vizuri. Kipimo chenye dawa hiyo na kisicho nayo huhesabiwa tofauti, na maandalizi yake ni tofauti.

Muulize pia kwa nini amechagua hicho. Eksirei huonyesha vizuri mifupa na mapafu. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, na ndiyo ya mimba, ini, figo na kizazi. CT scan ni ya haraka na inafaa sana kwa ajali, kiharusi, kifua na tumbo, lakini CT moja ya tumbo hukupa mionzi sawa na makumi, hata mamia, ya eksirei za kifua. MRI hutumia sumaku, haina mionzi hiyo, na ni bora kwa ubongo, uti wa mgongo na maungio. Ukilijua hili hutalilia MRI pale ambapo ultrasaundi ya kituo cha afya cha jirani ingetosha. Nasema hivi kwa sababu nimewaona watu wanaong'ang'ania kipimo kikubwa wakidhani ndicho cha uhakika zaidi, wakapoteza mwezi mzima wakitafuta kitu ambacho hawakukihitaji.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nahitaji MRI ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno, bila dawa ya rangi."

## Hatua ya 3: Pata karatasi isiyo na dosari

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome mara mbili.

Mama yangu mdogo aliwahi kuandikiwa CT scan ya tumbo. Tulitoka Korogwe kabla ya jua, yeye akiwa hajala tangu usiku kama alivyoelekezwa. Kituo cha kwanza, bango la NHIF lilikuwa limebandikwa mlangoni. Tukakaa. Saa nne na nusu dada wa dirishani akasema, "Bima tunapokea, mama, lakini si kwa CT." Tukapanda bajaji hadi kituo cha pili. Pale walikubali kadi, wakageuza karatasi mbele na nyuma, wakasema haina mhuri. Sahihi ilikuwepo, jina la daktari lilikuwepo, mhuri haukuwepo. Mama mdogo alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa njaa. Tulirudi Korogwe siku hiyo hiyo kufuata mhuri wa duara mdogo kuliko kifuniko cha soda.

Kwa hiyo simama palepale kwa daktari, usome karatasi yako kabla hujainuka. Iwe na:

1. Majina matatu kama yalivyo kwenye kadi. "Mwanaidi" na "Mwanahidi" ni watu wawili mbele ya mfumo.
2. Namba ya kadi, umri na jinsia.
3. Kipimo na sehemu ya mwili, na upande: kulia au kushoto. Goti bila upande hurudishwa.
4. Maelezo ya ugonjwa: dalili, zimeanza lini, daktari ameona nini, na anataka kujua nini. Bingwa atakayesoma picha hakujui. Maelezo hayo ndiyo macho yake, na ndiyo hoja ambayo NHIF huitazama inapopima kama kipimo kinahitajika.
5. Jina la daktari, cheo, sahihi, tarehe na mhuri.

Sasa rufaa. Mfumo wetu hupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, kisha ya taifa. Ukiruka ngazi bila rufaa, kadi yako inaweza kuwa hai kabisa na bado ukaambiwa ulipe au urudi ulikotoka. Tabibu wa zahanati anaweza kukuandikia rufaa ya kwenda juu. MRI yenyewe hutarajiwa iandikwe na daktari wa ngazi ya juu, mara nyingi bingwa wa fani husika. Ndiyo maana mtu anayetoka zahanati na karatasi iliyoandikwa "MRI" hukwama. Njia fupi kwake ni kuomba rufaa ya kumwona bingwa wa mifupa au wa mishipa ya fahamu, ambaye ndiye atakayeandika kipimo.

Tahadhari: rufaa iliyokaa miezi kadhaa kwenye droo huleta maswali. Kama umechelewa, rudi ukaandikiwe upya kabla ya kusafiri.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi ambayo mgeni asiyekujua anaweza kuisoma akaelewa wewe ni nani, unaumwa nini, na apige picha wapi. Ipige picha kwa simu, mbele na nyuma.

## Hatua ya 4: Orodhesha vituo vitatu vya karibu

Anza na hospitali ileile uliyotibiwa. Kama kipimo kipo pale, hakuna rufaa nyingine ya kutafuta, na majibu humfikia daktari wako bila wewe kubeba bahasha mjini.

Kama hakipo, fuata mpangilio huu.

Kwa ultrasaundi na eksirei, tazama kituo cha afya na hospitali ya wilaya yako. Vituo vya afya vingi vina ultrasaundi siku hizi, na eksirei iko kwenye hospitali nyingi za wilaya.

Kwa CT scan, tazama hospitali ya rufaa ya mkoa. Zamani CT ilikuwa safari ya Dar es Salaam, Moshi au Mwanza. Miaka ya karibuni, hasa kwa fedha zilizotengwa wakati wa UVIKO-19, Serikali imepeleka mashine hizo kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Watu wengi hawajalizoea hilo bado. Mgonjwa wa Lindi au Kigoma hupanga safari ndefu kabla hata ya kuuliza hospitali ya mkoa wake. Mahali pengine bingwa wa kusoma hayupo kila siku, na picha hutumwa kwa mtandao kwa bingwa wa hospitali nyingine. Hilo ni sawa, ila majibu huweza kuchukua siku zaidi.

Kwa MRI, uwanja ni mdogo. Tazama hospitali za kanda na za taifa: Muhimbili na MOI (taasisi ya mifupa) kwa Dar es Salaam, Bugando kwa Mwanza, Benjamin Mkapa kwa Dodoma, pamoja na baadhi ya hospitali binafsi kubwa. Kwa mamografia, yaani eksirei ya matiti, Ocean Road (taasisi ya saratani) na Muhimbili ndizo zinazojulikana zaidi, lakini uliza kwanza hospitali ya kanda iliyo karibu nawe.

Kisha fungua tovuti ya NHIF, tafuta orodha ya vituo vilivyosajiliwa, chagua mkoa na wilaya yako. Kama intaneti inasumbua, ofisi ya NHIF ya mkoa itakusomea. Orodha hiyo inakuambia kituo kimesajiliwa. Haikuambii mashine ni nzima, wala kama kila kipimo kimo kwenye mkataba. Hapo ndipo hatua inayofuata inapoingia.

Kituo binafsi cha vipimo kinastahili jicho la ziada. Mashine zote za mionzi nchini zinatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, yenye makao yake makuu Arusha, na madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Leseni ya kituo kwa kawaida hutundikwa ukutani. Ukiiona, isome tarehe. Usipoiona, uliza; si utovu wa adabu.

Umefanikiwa ukiwa na majina matatu kwenye daftari, yamepangwa kwa ukaribu.

## Hatua ya 5: Piga simu kabla ya kupanda gari

Piga asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, kabla foleni haijakomaa. Omba uunganishwe na idara ya radiolojia au dawati la bima. Mpokea simu wa getini hatajua. Ongea hivi:

"Habari za kazi, dada. Naomba msaada kidogo. Nina mgonjwa ameandikiwa CT scan ya tumbo yenye dawa ya rangi. Mashine inafanya kazi leo?"

Akisema ndiyo, endelea:

"Mnapokea NHIF kwa kipimo hiki chenyewe, na dawa ya rangi imo?"

"Rufaa inatakiwa itoke ngazi gani?"

"Kibali cha NHIF mnaomba ninyi kwenye mfumo, au nije nacho?"

"Miadi ya karibu ni lini, na majibu yanatoka baada ya siku ngapi?"

"Aje ameshakula au la?"

Swali la pili ndilo lenye uzito. Ukiuliza tu "mnapokea NHIF?", watakujibu ndiyo kwa moyo safi, kwa sababu wanaipokea kwa kumwona daktari na kwa maabara. Neno "kipimo hiki chenyewe" ndilo linalomfanya mtu wa upande wa pili asimame, akamuulize mwenzake, akuletee jibu la kweli. Laiti ningelijua neno hilo siku ya Korogwe.

Andika majibu ya kila kituo kwenye daftari, pamoja na jina la uliyeongea naye. Ukifika ukaambiwa vinginevyo, kusema "niliongea na dada fulani jana saa tatu" kunafungua milango ambayo ubishi haufungui.

Tahadhari: kukiwa na mtu anayekwambia uje tu na fedha "atakuingiza", mwache. Malipo yoyote halali yana risiti.

Umefanikiwa ukiwa na kituo kimoja kilichokubali mambo yote, na tarehe ya miadi. Kama mashine ni mbovu, uliza inatarajiwa kutengemaa lini, kisha nenda kituo cha pili kwenye orodha.

## Hatua ya 6: Kibali

Vipimo vya gharama kubwa, MRI na CT scan hasa, huhitaji idhini ya NHIF kabla ya kufanyika. Anayetoa kibali ni Mfuko, hospitali huomba tu. Hospitali nyingi huomba kwa mtandao, nawe hukai ukasubiri karatasi. Nyingine humtuma mgonjwa kwenye dawati au ofisi ya NHIF na fomu yake.

Peleka karatasi yenye maelezo ya ugonjwa yaliyokamilika. Ombi lililoandikwa "maumivu ya mgongo, MRI" linaweza kurudishwa. Ombi lililoandikwa kwamba maumivu yana miezi mitatu, yanashuka mguu wa kushoto, mguu umeanza kufa ganzi, na eksirei imeshafanyika, lina sababu ya kupita.

Likikataliwa, usirarue karatasi. Uliza limekataliwa kwa sababu gani na sababu hiyo mpelekee daktari wako. Mara nyingi panatakiwa maelezo zaidi au kipimo kidogo kianze.

Umefanikiwa ukiambiwa kibali kimetoka, na umepewa namba yake au umeonyeshwa kwenye mfumo. Neno la mdomo kwamba "itakuwa imepita" halitoshi kukutoa Korogwe.

## Hatua ya 7: Siku ya kipimo

Fika mapema. Utahakikiwa kwa kadi na kitambulisho, na vituo vingine hutumia alama za vidole au picha ya uso. Kwa hiyo mgonjwa awepo mwenyewe. Kutanguliza ndugu na kadi ili "ashike foleni" hakusaidii kwenye uhakiki.

Kabla ya kuondoka utatakiwa kusaini fomu ya huduma ulizopata. Isome. Ikiwa imeandikwa vipimo viwili nawe umefanyiwa kimoja, sema palepale. Fedha za Mfuko ni michango yetu.

Maandalizi hutofautiana, na maelekezo ya kituo chako ndiyo ya kufuata. Kwa kawaida huwa hivi:

Ultrasaundi ya tumbo la juu. Kaa bila kula kwa saa 6 hadi 8. Chakula huleta gesi na hukunja kibofu cha nyongo, kisha ini na nyongo havionekani vizuri.

Ultrasaundi ya kizazi, kibofu au mimba changa. Kunywa maji karibu lita moja saa moja kabla, na usiende haja ndogo. Kibofu kilichojaa ni dirisha la kuonea kizazi. Mwambie mhudumu kwamba umeshakunywa, ili asikuache benchini ukiteseka.

CT scan yenye dawa ya rangi. Huenda ukatakiwa kupima figo kwanza, kwa damu. Uliza hilo mapema, maana kipimo hicho cha damu kikisahaulika, miadi huahirishwa. Sema kama una kisukari na unatumia metformini, kama una pumu, au kama uliwahi kuvimba au kuwashwa baada ya dawa ya rangi. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Daktari ndiye atakayekuelekeza.

MRI. Hapa sumaku haina mzaha. Sema kama una betri ya moyo, chuma mwilini kutokana na upasuaji, au kipande cha chuma jichoni kutokana na kazi ya uchomeleaji. Vua kila kitu cha chuma: pete, cheni, pini za mtandio, chupio, klipu za wigi, hirizi yenye kipande cha chuma. Shanga za kiunoni nazo, dada zangu, zivueni nyumbani kuliko kuhangaika nazo kwenye chumba cha kubadilishia. Kipimo huchukua kati ya dakika 30 na 60, kina kelele nyingi, nawe unatakiwa kutulia. Kama unaogopa mahali pafinyu, waambie kabla hujalala.

Mamografia. Usijipake poda wala manukato kwapani. Kama bado unapata hedhi, wiki inayofuata baada ya hedhi huwa na maumivu pungufu kuliko ile inayotangulia hedhi.

Mwanamke anayehisi ana mimba, hata kama hana hakika, aseme kabla ya eksirei au CT. Hakuna anayekuhukumu.

Umefanikiwa ukitoka chumbani picha zimekamilika, na mhudumu amekutajia siku ya majibu.

## Hatua ya 8: Usiondoke na picha bila ripoti

Filamu kubwa nyeusi mkononi humpa mtu imani kwamba amemaliza. Hajamaliza. Ripoti ya bingwa, iliyoandikwa na kusainiwa, ndiyo kipimo chenyewe. Daktari wako anaweza kutazama picha, lakini uamuzi wa upasuaji au dawa nzito utasubiri maandishi ya bingwa.

Ulizia ripoti siku uliyotajiwa. Hakiki jina, umri, sehemu ya mwili na upande. Niliwahi kumsaidia jirani aliyepewa ripoti ya goti la kulia wakati linalouma ni la kushoto. Ilirekebishwa dakika kumi kwa sababu tulikuwa bado tuko hospitalini.

Omba na nakala ya picha zenyewe, kwa filamu au kwa sidii. Zitakusaidia kulinganisha mwakani, na zitakuepusha kurudia mionzi ambayo hukuihitaji.

## Ukigongwa na ukuta

"Mfumo hausomi." Subiri kidogo, kisha omba wapige simu NHIF wakiwa na namba yako. Mtandao ukiwa chini, si kosa lako wala la mhudumu, lakini usikubali kulipa kabla hawajajaribu.

"Ongeza fedha kidogo." Uliza ni ya nini na iandikwe kwenye risiti. Kisha wasiliana na NHIF palepale, ukiwa bado umekaa benchini. Kwa huduma iliyomo kwenye kitita chako hupaswi kutozwa pembeni.

"Mashine ni mbovu." Omba rufaa ya kwenda kituo kingine kilichosajiliwa, kwa maandishi. Ukiondoka na maneno matupu, kituo cha pili kitakuuliza ulitokea wapi.

"Miadi ni baada ya wiki sita." Kama hali inabadilika, kwa mfano miguu inapoteza nguvu, mkojo hautoki au kichwa kinauma kwa namna mpya, rudi kwa daktari aliyekuandikia. Yeye ndiye anayeweza kuandika kwamba ni haraka.

## Wasio kwenye njia ya kawaida

Dharura haina ngazi. Ajali, kiharusi, mama mjamzito anayetoka damu: nenda hospitali ya karibu yenye uwezo, kadi mkononi. Mgonjwa ahudumiwe kwanza, karatasi zifuate.

Mwenye CHF Iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, hutibiwa kwa ngazi, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa hiyo ultrasaundi na eksirei atazitafuta ndani ya mkoa wake, na kwa vipimo vikubwa aulize kwanza mratibu wa CHF wa halmashauri yake ni kipi kinagharamiwa.

Zanzibar ina mfuko wake wa huduma za afya, ZHSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Aliye Unguja au Pemba aanze na ZHSF na hospitali yake ya wilaya au ya mkoa. Mwanachama wa NHIF aliye visiwani kikazi aulize ofisi ya NHIF kuhusu vituo vya huko kabla ya kuugua, si baada.

Na aliye mkoa usio wake, kwa mfano mwanafunzi wa chuo au aliyeenda msibani, kadi yake hutumika nchi nzima kwenye vituo vilivyosajiliwa. Atahitaji kuonwa na daktari wa huko ili aandikiwe kipimo upya, kwa hiyo abebe picha ya karatasi ya nyumbani kwenye simu. Mama mdogo anayo mpaka leo ile ya Korogwe, mhuri ukiwa umekolea pembeni, na kila anapokwenda kliniki huitanguliza mezani pamoja na kadi kabla hajaulizwa.